Uwanda Aliousafisha Baba

Wiki moja kabla hajafa, baba aliniambia jambo moja tu juu ya mazishi yake. Hakusema lolote kuhusu kaburi wala nguo za kuvikwa. Alikuwa amekaa kitandani, mimi nimepiga magoti namvisha soksi za sufu, akasema, "Taisia, mnipitishe uwandani. Barabarani hapana."

"Sawa, baba," nikasema, kama mtu anavyomjibu mgonjwa.

"Usiniambie mimi sawa. Waambie wao."

Kijiji chetu cha Gorelki kina nyanda kadhaa za nyasi kando ya mto, lakini mtu akisema uwandani bila kuongeza neno, kila mmoja anajua ni upi. Ni ule ulio kati ya nyumba ya mwisho na kilima cha makaburi. Ukiukata katikati unafika makaburini kabla pumzi haijakubana. Barabara inauzunguka wote, inapita darajani na kwenye matope ya kinu cha zamani, na kwa njia hiyo ya mzunguko tumewapeleka wafu wetu wote. Uwandani hakuna aliyekanyaga tangu mwaka wa arobaini na saba, isipokuwa wanajeshi waliokuja mara moja, na baba.

Baba, Yevsei Kondratyevich Lobanok, alikuwa mtegua mabomu katika vita na Wajerumani. Walimchukua mwaka wa arobaini na moja, mimi nikiwa bado natambaa, akarudi vuli ya arobaini na tano. Mama alikuwa ameshakufa kwa homa ya chawa, nami nalelewa na bibi. Nikaona mlangoni mtu mwembamba mwenye koti la kijeshi, nikajificha nyuma ya jiko. Yeye alinyoosha mkono, lakini hakusogea. Alikaa hivyo kwenye kizingiti mpaka nilipotoka mwenyewe. Baadaye nilielewa kwamba ndivyo kazi ilivyomfunza: kitu kilichojificha hukivuti.

Vita vyake nilisimuliwa vipande vipande, wakati wa kumenya viazi au kupanga kuni. Kazi yao ilikuwa kutangulia. Kabla askari wa miguu hawajashambulia, baba na wenzake walitambaa gizani mpaka kwenye waya za Wajerumani, kila mmoja na fimbo yake yenye ncha ya chuma, wakidunga udongo kwa mshazari, shubiri kwa shubiri. Ncha ikigusa kitu kigumu, unaiweka fimbo chini na kutumia vidole. Hakuvaa glavu hata kwenye baridi ya kupasua miti, kwa sababu kidole kikiwa ndani ya glavu ni kiziwi. Wakimaliza walisimika vijiti vyenye vitambaa vyeupe pande zote mbili, na kulipopambazuka askari walipita katikati mbio.

Medali ya kwanza, ile iliyoandikwa "Kwa Ushujaa", alipewa kwa kumtoa mwenzake aliyekatika mguu katikati ya mabomu. Alirudi naye kinyumenyume juu ya alama za magoti yake mwenyewe. Nishani ya Nyota Nyekundu aliipata kwenye mto Dnieper, alikosimama majini mpaka kifuani akishika maboriti ya daraja huku vipande vya barafu vikimpiga mbavuni. Nishani ya Utukufu ilikuja Prussia ya Mashariki, kwa kukata waya wa baruti zilizofungwa chini ya daraja Wajerumani wakiwa bado wanalivuka. Nyingine mbili, ya kutekwa kwa mji wa Kenigsberg na ya ushindi, alisema kila aliyebaki hai alipewa. Zote tano alizifunga kwa kitambaa cha kufutia vyombo na kuziweka kwenye droo ya vijiko. Kila mwezi wa tano mwalimu wa shule alikuja kumwomba azivae kwa ajili ya sherehe, na kila mwaka baba alimjibu kwamba koti lake limeliwa na nondo.

Aliporudi, ardhi yetu ilikuwa haijarudi. Mstari wa mapigano ulipita Gorelki mara mbili, na mashamba yalijaa mabomu. Watu walijifunga kamba za plau viunoni kama ng'ombe, wakalima viunga vya nyumba tu. Baba alichukua fimbo yake akaanza upya, peke yake, akikataza mtu yeyote asimkaribie zaidi ya umbali wa sauti. Kiangazi cha arobaini na sita aliumaliza uwanda. Alisimika ubao, akaandika kwa lami kama yeye na wenzake walivyokuwa wakiandika kwenye kuta za miji yote waliyoipita: "Hakuna mabomu. Imekaguliwa. Lobanok."

Ule ulikuwa mwaka wa njaa. Ng'ombe waliobaki walikuwa wakila majani ya paa. Kwa hiyo kiangazi kilichofuata, nyasi zilipofika kiunoni, jirani yetu Pankrat Sychov alinoa mundu wake mrefu akaingia wa kwanza. Alimpungia baba mkono kutoka kule. Nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka vyombo viligongana kabatini, na bibi akakaa chini sakafuni kama aliyesukumwa.

Baba alikuwa ameondoa mabomu yote ya Wajerumani. Hakujua kwamba chini ya hayo kulikuwa na yetu, yaliyotegwa na jeshi letu lilipokuwa likirudi nyuma mwaka wa arobaini na moja. Yalikuwa visanduku vya mbao, visivyosikiwa na kifaa chochote cha kunusa chuma. Waliovitega walikuwa wamekufa au wametekwa, na ramani ilipotea nao. Baridi kali ya mwaka ule iligandisha ardhi mpaka chini sana, na udongo unapoganda huinua kila kilichomo. Kimoja kikapanda juu taratibu, chini ya ubao wenye jina la baba.

Watu husema mtegua mabomu hukosea mara moja tu. Baba alikosea mara moja, akafa mwingine.

Ubao watu waliung'oa, wakauchoma. Siku iliyofuata baba alikuwa tena uwandani, amepiga magoti, akidunga chini zaidi. Alitoa visanduku mpaka vikaisha. Lakini hakuamini tena kwamba vimeisha, na kila mwaka theluji ilipoyeyuka alirudi, akaupita uwanda mzima kwa magoti, mikono mitupu. Miaka ya hamsini walikuja wanajeshi na mashine zao, wakatembea kila mahali, ofisa wao akatia sahihi kwamba ni safi. Haikusaidia. Baba alikata nyasi mwenyewe, akamlisha mbuzi wetu mwenyewe, na shuleni watoto waliambiana mbele yangu, "Usinywe maziwa ya mbuzi wa Lobanok, tumbo litalipuka."

Nilikua, nikapata kazi kwenye kituo cha kupokea maziwa, sikuolewa, nikabaki na baba. Siku moja, tukiwa tunarudi kutoka kwenye kaburi la bibi, matope yamefika juu ya viatu, nilimuuliza kama anawachukia watu wetu.

"Kwa nini niwachukie?" akasema. "Kule vitani watu wengi walipita niliposema pita. Walikuwa hawanijui hata jina. Hapa wananijua."

Alifariki Alhamisi asubuhi, mwezi wa nne mwaka wa themanini na saba, theluji imebaki kwenye kivuli cha ghala tu.

Ofisi ya jeshi ya wilaya ilileta mito mitano midogo myekundu ya kubebea medali, ikaomba radhi kwamba haina askari wa kuibeba. Mwenyekiti wa shamba la ushirika, Nil Zakharovich, alikuja kupanga mambo pamoja na Rodion, dereva wa trekta, ambaye ndiye aliyechimba kaburi. Wanawake walikuwa chumba cha ndani wakimwosha baba. Niliwawekea chai wale wawili nikawaambia alichokiomba marehemu.

Nil Zakharovich akaiweka glasi chini. "Taisia, dada yangu, usinitie matatani. Barabara ipo."

"Barabara ipo, chini ya matope," Rodion akasema. "Lakini mjomba Yevsei hana haraka."

"Wanajeshi walikagua," nikasema. "Na baba amepita pale miaka arobaini kwa magoti. Hiyo miguu inayooshwa humo ndani, yote miwili ipo."

"Tusibishane juu ya miguu yake," Rodion akajibu. "Yeye alikuwa mwepesi kama jogoo wa masika. Sisi sita pamoja na jeneza tuna uzito wa fahali. Kama kuna kimoja kimelala kinasubiri mzigo, kitatuamkia sisi."

"Wewe unaendesha trekta bila breki, halafu unaogopa nyasi?"

"Trekta naijua, Taisia. Tumeshatukanana sana."

Nil Zakharovich hakucheka. "Na Domna Arkhipovna je? Pale ndipo alipomwokota mumewe. Unataka tupitishe jeneza la Lobanok mbele ya dirisha lake, juu ya mahali pale?"

 Nikamuuliza, "Na akikubali yeye?"

"Akikubali yeye, tutaona." Alilisema kama mtu anayejua kwamba hatakubali.

Domna ni mjane wa Pankrat, na nyumba yake ni ile ya mwisho. Hakuolewa tena. Yeye na baba hawakusemezana tangu siku ile. Wakikutana kisimani, mmoja alisimama mbali na ndoo yake mpaka mwingine aondoke, na hapakuwa na utaratibu wa nani amsubiri nani. Mimi alinisalimu, basi. Sikuwa nimewahi kuingia kwake.

Ijumaa nilimkuta amekaa dirishani akichagua viazi vya mbegu.

"Funga mlango, joto linatoka," akasema. "Amekufa?"

"Jana asubuhi."

"Nilijua. Moshi wenu ulichelewa."

Nilisimama na kitambaa changu mkononi. "Shangazi Domna, baba aliomba apitishwe uwandani."

Akageuza kiazi, akakikata jicho bovu. "Umekuja kuniomba ruhusa."

"Wanasema ni pako pale."

"Pangu? Mimi nina bustani ya viazi na paka kiziwi. Uwanda ni wa shamba la ushirika, kamuulize Nil."

"Nil amenituma kwako."

"Basi ni mwerevu kuliko baba yake." Akakigeuza tena kiazi. "Medali za baba yako ni ngapi?"

"Tano."

"Kuna hata moja ya uwanda ule?"

"Hakuna. Zote ni za kule mbali."

"Sijui kwa nini nimeuliza. Nilijua hakuna." Akaweka kisu chini, akajipangusa mikono kwenye aproni. "Kaa, unanizibia mwanga."

Nilikaa kwenye benchi. Kutoka pale dirishani uwanda ulionekana wote, umelala kahawia na maji yaking'aa kwenye mabonde madogo, na kilima cha makaburi nyuma yake.

"Mwaka wa kwanza nilikaa hapa nikimwomba Mungu kimoja kimpate," Domna akasema. "Nakwambia wewe mwanawe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Mwaka wa pili vilevile. Anatambaa, nami naomba. Halafu, sijui mwaka gani, nikajikuta siwezi kuondoka hapa mpaka amalize. Maziwa yanafurika jikoni, mimi nimekaa. Akiinuka na kupangusa magoti, ndipo naenda zangu."

"Yeye hakujua hayo."

"Angejuaje? Mgongo wake ndio ulionitazama."

"Ungemwambia, shangazi."

"Nimwambie nini? Yevsei, sikutakii kufa tena? Hayo ni maneno ya kumwambia mtu kisimani, ameshika ndoo mbili?" Akachukua kiazi kingine. "Nenda, mwanangu. Fanyeni mnavyotaka. Ila mito ya jeshi mimi sibebi."

Nilirudi kwa Nil Zakharovich nikamweleza kwamba Domna hajakataa. "Hajakubali pia," akasema, na tukaachana hivyo.

Tulimzika Jumamosi. Kwetu mazishi yana mpangilio wake. Anatangulia mwanamke mwenye kapu la matawi ya msonobari, akiyatupa chini ili marehemu apite juu ya kijani. Wanafuata wabebaji wa medali, kila medali na mto wake na mtu wake. Kisha jeneza. Wenye damu ya marehemu hawabebi chochote wala hawatangulii, wanafuata nyuma. Damu ikitangulia jeneza, wazee wanasema, inaita kifo kingine nyumbani. Nami nyumbani sikuwa na mwingine wa kuitwa isipokuwa mimi mwenyewe.

Matawi yalikuwa kwa Klavdia, mke wa Nil Zakharovich. Medali walibeba mwalimu, muuza duka, Nil mwenyewe na wakamua maziwa wawili wa kituoni kwetu. Tulipofika mwisho wa kijiji, pale njia inapogawanyika, Klavdia alikunja kushoto, kuelekea barabarani, bila hata kutazama.

"Siyo huko," nikasema kutoka nyuma.

Wote wakasimama. Rodion na wenzake waliteremsha jeneza juu ya viti viwili vilivyobebwa pamoja nasi kwa ajili ya kulitua njiani. Hakuna aliyenitazama. Upepo uliinua kona ya kitambaa kwenye jeneza, mwalimu akailaza kwa kiganja.

"Taisia, tumeshazungumza," Nil Zakharovich akasema.

"Tumezungumza. Hamkunijibu."

Klavdia aliliweka kapu chini, kwenye ukingo wa nyasi. Alilia kidogo. "Nisamehe, mpenzi. Nina wajukuu. Siwezi kuweka mguu pale, hata ukinipa nini."

Niliwapita watu wote, nikaliinua kapu. Bibi mmoja akanishika mkono wa koti, kisha mwingine. "Damu haitangulii," wakaniambia. "Utaitia nyumba yenu balaa." Niliwaambia kwamba nyumba yetu ni mimi na jiko. Hawakuniachia. Walinishika kwa upendo, kwa nguvu zote, na nikaona kwamba watamzungusha barabarani. Watasimama kaburini na kusema jinsi alivyokuwa shujaa, medali tano zikimeta mikononi mwao, na hakuna hata mmoja atakayekuwa ameamini neno lake. Nilifikiri, afadhali nizitupe hizo medali mtoni. Nililing'ang'ania kapu. 

Lango la nyumba ya mwisho likalia. Domna alitoka na buti zake za sufu, zimevishwa viatu vya mpira vya kuzuia maji, shali nyeusi imefungwa chini ya kidevu. Alikuja taratibu, kwa sababu ya nyonga yake mbovu, na watu wakampisha. Alilichukua kapu mkononi mwangu bila kunitazama, akalipima uzito.

"Mmekata matawi machache," akasema.

Akakanyaga uwandani. Alitupa tawi moja, akapiga hatua, akatupa lingine. Nyasi za mwaka jana zilikuwa zimelala, na nyayo zake zilijaa maji nyuma yake. Hakuinamisha kichwa kutafuta pa kukanyaga. Alikuwa amefika mbali, kama urefu wa ghala zima, kabla mtu hajasogea.

Rodion akatema mate. "Haya, wanaume. Bibi mwenye nyonga mbovu katutangulia. Tunainua, au nikawaletee sketi?"

Wakainua. Wenye mito walipita mmoja mmoja, kila mtu akijitahidi kukanyaga alama ya Domna, wakitazama chini na siyo mbele, hata medali ziliyumba kwenye mito. Lakini watu sita wenye jeneza hawawezi kutembea kwa mstari mmoja. Watatu walikuwa kulia na watatu kushoto, na njia ya Domna ilibaki katikati, chini ya baba. Kila mmoja wao alilazimika kuweka mguu kwenye nyasi ambazo hazikukanyagwa na mtu. Nilitembea nyuma yao nikiona jinsi kila buti lilivyosita hewani kabla ya kushuka.  Shingo ya Rodion, msemaji wetu, ilikuwa imelowa jasho.

Katikati ya uwanda, mahali ambapo mimi nisingepatambua, Domna hakusimama. Aliweka tawi moja chini kwa mkono, badala ya kulitupa, akaendelea.

Tulifika juu. Mambo ya kaburini yalikuwa kama yanavyokuwa. Nil Zakharovich alisoma maneno yake, akataja Dnieper na Prussia. Tulirusha udongo, tukala ngano iliyopikwa na asali, wanaume wakanywa glasi zao za vodka bila kuzigonganisha, kama ilivyo desturi msibani. Nil aliniletea medali zote kwenye mto mmoja, akanishika bega. "Tumempitisha," akasema. Nikamshukuru. Nilikuwa namshukuru kweli.

Kisha wakashuka. Nilidhani watarudi kwa njia ya matawi, maana ilionekana wazi kutoka kule juu, mstari wa kijani umenyooka mpaka kwenye nyumba ya mwisho. Lakini Klavdia alikunja kuelekea barabarani, mwalimu akamfuata, wakamua maziwa, Rodion na wenzake, wote, wakishikana mikono kwenye utelezi. Hawakuafikiana kwa neno lolote. Miguu yao ilikwenda huko yenyewe.

Nilibaki na Domna. Alikuwa akitikisa kapu tupu ili sindano za msonobari zitoke.

"Wewe unapita wapi?" akaniuliza.

"Hapa."

Tukateremka. Hatukushikana. Tulipofika karibu na katikati aliniambia nyonga imegoma, akageuza kapu akalikalia. Mimi nilikaa kwenye nyasi na mto wa medali mapajani, maji yakaniingia kwenye sketi. Mbali, barabarani, watu wetu walikuwa wadogo, weusi, wakinyanyua miguu juu kwenye matope ya kinu. Mtu mmoja aliacha kiatu, wengine wakamngoja akikivuta. Sauti zao hazikutufikia.

"Baba alikuwa anaanzia wapi?" nikamuuliza. Ilikuwa aibu kwamba silijui hilo, lakini baba aliniambia nisikaribie, na maisha yangu yote sikukaribia.

Domna akanyoosha kidole kwenye mti wa mbetula, wenye gome jeupe, karibu na maji. "Pale. Halafu hivi, halafu hivi, mpaka huku." Mkono wake ulikwenda na kurudi juu ya uwanda, polepole, na haukukosea kona hata moja. Alipomaliza aliurudisha chini ya shali.

Tulikaa mpaka wale wengine walipofika darajani.